UZI: Goma nzima tuna "amibe"? Mtu wa labo anasema anachokiona

#1 Hadubini_Birere (mwenye uzi)

Jambo wakubwa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye labo hapa Goma. Kituo sikitaji. Kazi yangu ni damu, mkojo na choo kikubwa, na kwenye harusi wanaonijua wananisalimia kwa kiwiko.

Leo nataka tuongee juu ya amibe. Nimechoka nayo.

Hapa kwetu mtu akiumwa tumbo, amibe. Tumbo likinguruma, amibe. Akikosa usingizi, mgongo ukimkaza, kichwa kikimzunguka, "zimepanda". Wiki jana mama mmoja ameniambia mume wake ana hasira za karibu kwa sababu ya amibe. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, ni amiba, yule mdudu wa chembe moja. Sisi tumemchukua na jina lake la Kifaransa na tumemfanya mtu wa nyumbani. Dawa yake hata mtoto anaijua: Flagyl. Unaenda farmasia ya kona, unanunua vidonge kadiri ya mfuko, unameza siku mbili, tumbo linatulia, vinavyobaki unavificha kabatini. Mwezi unaofuata zimerudi.

Sasa sikilizeni. Amiba anayetoboa utumbo anaitwa Entamoeba histolytica. Ana pacha wake, Entamoeba dispar, ambaye anakaa tumboni kama mpangaji mpole, hagombani na mtu. Vifuko vyao, zile kisti tunazozitafuta kwenye choo, kwenye hadubini vinafanana kama punje mbili za mchele. Mimi na kioo changu siwezi kuwatenganisha. Kuna alama moja tu inayomfichua yule mbaya: nikimkuta mzima, anatembea, na ndani yake kuna chembe nyekundu za damu alizomeza. Miaka kumi na moja yote hiyo nimeiona mara ambazo vidole vyangu vinatosha kuhesabu. Na duniani watu wengi wanaobeba kisti hizo wamebeba yule mpole.

Lakini kwenye karatasi tunaandika nini? "Kisti za amiba: +". Mgonjwa anatoka amefurahi, ugonjwa wake umeonekana. Nimeandika hivyo mara nyingi, sijifichi. Nikiandika "hakuna kilichoonekana" anasema labo hii haina kazi, anavuka barabara, na kule watamwandikia hiyo "+".

Nimefungua uzi huu kwa sababu vimelea vya kweli tunavyo hapa, na ndivyo ambavyo hatuvitafuti. Kuna magonjwa ya vimelea yamepungua Kongo mpaka wazungu wenyewe wanashangaa. Kuna mengine yako palepale tangu bibi yangu. Nina mawazo yangu kwa nini, lakini kwanza semeni na ninyi.

#2 MamaWaWatatu

Asante docta. Kijana wangu wa mwisho ana miaka minne. Mwaka huu tu amekunywa Flagyl ya maji mara tatu. Tumbo limejaa mbele kama ngoma, anakula lakini mikono imebaki vijiti, usiku anakohoa kikohozi kikavu. Kila mahali wananiambia amibe. Unasemaje?

#3 Hadubini_Birere

Mama, mimi si docta, usinipe cheo ambacho sikukisomea. Ila mtoto wa miaka minne mwenye tumbo mbele, mikono myembamba na kikohozi, mimi ningeanza kufikiria minyoo, siyo amibe. Askaris, yule mnyoo mrefu wa mviringo, akitoka kwenye yai hakai tumboni moja kwa moja. Anatoboa, anasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, anapanda kooni, mtoto anammeza tena, ndipo anarudi utumboni kukua. Safari hiyo ndiyo wakati mwingine inayoleta kikohozi. Lakini kikohozi kina mambo mengi, na kifua kikuu kipo, kwa hiyo lazima muuguzi amguse mtoto. Mimi sitamtibu hapa kwenye simu.

Na Flagyl haiui askaris. Mara tatu mmempa dawa ya ugonjwa mwingine.

Mlete na choo chake. Ninaomba mambo mawili: kiwe cha asubuhi hiyohiyo, na kisikae. Amiba mzima nje ya mwili ndani ya nusu saa ameshapoa, hatembei tena, hapo hata mimi nitadanganyika. Mayai ya minyoo yana subira zaidi. Tena usikilete kwenye kibiriti, ninakuomba kwa jina la Mungu.

#4 Mvuvi_wa_Kigoma

Salamu kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Hayo ya amiba huku kwetu ni "UTI na taifodi", kila mtu anazo. Swali langu, na malaria je? Nilikaa Goma miezi minane, kila nikipata homa naambiwa "GE plasi mbili". Sikuelewa hata siku moja ni nini, nililipa tu.

#5 Hadubini_Birere

Kaka, karibu. GE ni tone nene la damu. Tunalipaka kwenye kioo, tunalitia rangi ya Giemsa, tunatafuta wadudu wa malaria na kukadiria wingi wao. Zile alama za kujumlisha ni wingi huo, si ukali wa ugonjwa. Mtu mzima aliyezaliwa huku na kuumwa malaria tangu utoto anaweza kutembea na wadudu wachache kwenye damu bila kuumwa kabisa. Homa yake inaweza kuwa ya mafua, lakini nikiona mdudu mmoja, basi hukumu imeshatoka. Mtoto wa miaka miwili mwenye alama hizohizo ni habari nyingine, huyo anaweza kufa kabla ya kesho.

Halafu kuna TDR, kile kipimo cha mistari. Hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoitoa. Mdudu anaweza kuwa ameshakufa kwa dawa, protini ikabaki kwenye damu wiki kadhaa. Kwa hiyo wanaorudi siku ya kumi "kuangalia kama imeisha" wanakuja kununua mstari wa bure na kuanza dawa upya. Kuna pia wadudu waliopoteza jeni ya protini hiyo, wanapita mlangoni bila kuonekana. Eritrea mwaka 2016 ililazimika kubadilisha aina ya vipimo kwa sababu yao.

Malaria kwetu si mchezo. Hesabu ya mwaka 2023 ni wagonjwa milioni 263 duniani na vifo 597,000, na zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi ni wa Kongo. Mbele yetu iko Nigeria peke yake. Dawa tumebadilisha: klorokwini iliposhindwa, tangu 2005 tuko na mchanganyiko wa atesunati na amodiakwini. Chanjo ya R21 imeanza Oktoba 2024, upande wa Kongo Central, mbali na sisi. Na bado hapa mtu akilazwa bila "serumu ya kinini", ile dripu ya dawa ya zamani, anaona hakutibiwa! Jaribio la mwaka 2010 lilifuata watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliochomwa atesunati walikufa wachache kuliko wa kinini, vifo vilipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Miaka imepita, na familia bado inanong'ona kwenye korido: mwambieni aweke kinini.

#6 Mtu_wa_Kikwit

Ninaishi Goma kwa sababu ya kazi, lakini mimi ni wa Kwilu, mkoa wa magharibi mwa Kongo. Ninyi huku juu mnalia amibe. Sisi tulikuwa na malale, ule ugonjwa wa usingizi.

Baba mdogo wangu alianza kwa kulala mchana. Tukamcheka. Halafu usiku halali, anazunguka uwanjani. Halafu akaanza kumtukana mke wake, mtu aliyekuwa mpole. Kijijini wakasema amerogwa, wakatafuta mchawi, na mama mmoja mzee karibu afe kwa ajili hiyo. Ikaja timu ya gari, wameweka meza chini ya mwembe, wanachoma kidole, wanapapasa shingo kutafuta tezi. Wakamchoma sindano ya uti wa mgongo, wakakuta mdudu ameshafika kichwani.

Dawa ilikuwa Arsobal. Wazee wanaijua. Ina aseniki ndani, ile sumu. Ikiingia kwenye mshipa alikuwa analia kwamba wamemtia pilipili ndani ya damu. Wa kitanda cha kulia alikufa. Si malale iliyomuua, ni dawa. Baba mdogo alipona, yuko hai mpaka leo, analima. Ila sindano yoyote akiiona anatoka nje.

#7 Hadubini_Birere

Mtu wa Kikwit, umenisaidia, kwa sababu malale ndiyo niliyotaka kufika kwake.

Arsobal iliua karibu mgonjwa mmoja katika kila ishirini. Na watu waliikubali, kwa sababu bila dawa malale ya kichwani haimuachi mtu. Sasa tazameni mwendo wa ugonjwa huu. Katikati ya miaka ya 1960 Afrika nzima ilikuwa inaandikisha wagonjwa chini ya 5,000 kwa mwaka. Wakasema umekwisha. Timu zikalegea. Kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ushirikiano na Ubelgiji ukakatika, magari yakasimama, hadubini zikafunikwa. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliandikisha zaidi ya wagonjwa 26,000, na hao ni walioonekana tu. Kuna vijiji ambavyo malale ilizika watu wengi kuliko ukimwi.

Halafu timu zikarudi. Hawakungoja mgonjwa aje na karatasi. Walienda kijiji kwa kijiji, baadaye na pikipiki mahali gari halipiti, wanapima wazima na wagonjwa, wote. Tangu 2018 tumeshuka chini ya wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Na mwaka huohuo ikapita dawa ya fexinidazole, vidonge vya kumeza siku kumi pamoja na chakula. Majaribio yake yaliongozwa na Mkongo, Dkt. Victor Kande, kwenye hospitali zetu za ndani, na wagonjwa wengi sasa wanaepuka hata ile sindano ya mgongo.

Mnajua fexinidazole ni ya ukoo gani? Ni nitroimidazole. Ndugu wa damu wa Flagyl. Nikiifikiria hiyo ninacheka peke yangu: kule Kwilu ukoo mmoja wa dawa, umetafutiwa mgonjwa wake mmoja mmoja kwa hadubini, unamaliza ugonjwa wa miaka mia. Huku Goma ndugu yake anauzwa kwa kipande kama biskuti kwa mtu ambaye hakuna aliyemuangalia.

Mfano wa pili ni mnyoo wa Gini, yule anayetokea mguuni kama uzi. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na wagonjwa kama milioni 3.5. Mwaka 2024 walikuwa 15. Kumi na tano! Na ugonjwa huu hauna chanjo wala kidonge. Kilichofanyika ni kitambaa cha kuchujia maji, na mtu wa kijijini anayejua kila mwenye kidonda na kumzuia asiingie kisimani. Kongo imepewa cheti cha kuwa safi Desemba 2022.

Kwa hiyo ndugu, ugonjwa unapungua pale mtu anapotumwa kwenda kuutafuta na kuuhesabu. Pale tunapokaa dirishani kugawa vidonge unabaki unatuchekea. Haya ni maoni yangu, nipingeni.

#8 FundiChoo_Katoyi

Mimi sikusoma hayo ya nitro. Ninachimba vyoo. Nitasema moja tu, wewe mtu wa labo umezungusha maneno mengi bila kutaja jiwe.

Goma imekaa juu ya volkano. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikasimama mlangoni. Chini yetu ni mwamba. Bukavu mtu anachimba choo kwa jembe siku mbili. Mimi ninapiga mtaimbo na nyundo, wiki inaisha nimefika kiunoni, mwenye nyumba anasema "hapo inatosha fundi, pesa imekwisha". Choo cha kufika kiunoni familia ya watu tisa inakijaza haraka. Kinapojaa hakuna gari la kunyonya linaloingia kwenye vichochoro vyetu. Kuna vijana wanakuja usiku na ndoo. Wanapeleka wapi? Usiniulize, mvua inajua.

Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia. Karibu watu 50,000 walikufa mwezi ule wa kwanza, kolera na kuhara damu. Mwamba ulikataa makaburi, ulikataa na vyoo. Mwamba ni uleule.

Sasa mnampa mtoto kidonge cha minyoo asubuhi. Jioni anacheza wapi?

#9 Hadubini_Birere

Fundi, nimevua kofia.

Niongeze upande wa hadubini. Askaris jike mmoja anataga mayai kama 200,000 kwa siku. Kwa siku! Yai lina ganda gumu, linaweza kukaa udongoni miaka likingoja mkono wa mtoto au karoti isiyooshwa. Kidonge cha albendazole kinamfukuza mnyoo aliye tumboni leo, hakina habari na yai lililo kwenye kichochoro. Miezi michache mtoto ameshajaa tena. Mnyoo wa safura yeye ni tofauti, anaingia kwa ngozi ya mguu na anapenda udongo laini wenye unyevu na kivuli. Kwenye lava yetu kavu hana raha sana. Nikiona mayai ya safura ninauliza: mama, mnalima wapi? Mara nyingi jibu ni Masisi au Rutshuru.

#10 Sitaki_Vidonge

Mnaongea vizuri lakini hamsemi ukweli. Shuleni wameleta vidonge vya bure. BURE! Nani anakupa kitu bure? Binti yangu amekunywa, usiku ametapika mnyoo mzima mrefu, unajinyonganyonga. Mke wangu amepiga kelele mtaa mzima umeamka. Hiyo dawa ndiyo imeuleta. Kabla ya hapo mtoto hakuwa na shida. Mwaka huu siku ya vidonge hataenda shule.

#11 Muuguzi_Masisi

Sitaki_Vidonge, papa, pole kwa hofu ya usiku ule. Lakini mnyoo wa urefu ule haukui kwa siku moja. Ulikuwa umo. Dawa imeusumbua, ukatafuta njia, ukakuta mdomo. Mshukuru aliyeutoa. Ubure wake hauna siri: kampuni zinazotengeneza albendazole na mebendazole zinazitoa kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani, ndivyo ilivyo na Mectizan ya upofu wa mtoni tangu 1987.

Sasa nigeuke kwa Hadubini. Mdogo wangu, umesema vizuri mpaka pale ulipotucheka sisi wa dirishani. Wewe uko mjini, una umeme hata kama unakatika, una kioo, una Giemsa. Mimi kituo changu kina meza mbili. Kuna miezi barabara inafungwa na risasi, ninapokea watu wa vijiji vinne, peke yangu na mama mmoja mkunga. Nikisema nitatafuta yai kwenye choo cha kila mtoto kabla ya kumpa kidonge, nitampa lini? Kupima choo kimoja kunakula pesa na muda kuliko kidonge chenyewe. Kidonge hatari yake ni ndogo. Kwa hiyo ninampa bila kuangalia, na ninalala usingizi.

Nimefanya kazi Ituri pia. Huko ndiko nilikojifunza hofu, kwa sababu kuna Loa loa, yule mnyoo anayepita kwenye jicho. Mtu akiwa naye mwingi kwenye damu, ukampa Mectizan ya upofu wa mtoni, anaweza kuingia koma. Huko ndiyo, angalia kwanza. Lakini usichukue sheria ya Ituri kuipeleka kwenye tumbo la mtoto wa Masisi.

#12 Hadubini_Birere

Dada mkubwa, hapo umenishika shingo. Ni kweli, nilichanganya mambo mawili.

Ngoja nijisahihishe. Kugawa bila kumpima kila mtu si kosa kama kuna aliyehesabu kabla na atakayehesabu baada. Kanuni ya minyoo ndiyo hiyo. Timu inapita kwenye shule chache, inachukua choo cha watoto hamsini hivi kwa kila shule, inakichuja kwa wavu, inakipima kwenye kile kitundu cha Kato-Katz kinachobeba miligramu 41.7, inahesabu mayai, inazidisha kwa 24, inajua mayai mangapi kwa gramu. Watoto wenye minyoo wakifika 20 kwa mia, shule zote za eneo zinapata kidonge mara moja kwa mwaka. Wakifika 50 kwa mia, mara mbili. Hapo dada yangu anagawa bila kuangalia lakini si kipofu, kuna mtu ameangalia kwa niaba yake.

Farmasia ya kona haihesabu. Hiyo ndiyo niliyotaka kuisema, nikaisema kwa mdomo mpana.

Ila dada, na wewe kidonge chako si mfalme. Albendazole ya mara moja inamshinda askaris vizuri, lakini mnyoo mjeledi anaicheka, unapunguza tu idadi. Ninawaona kwenye kioo wiki tatu baada ya siku ya vidonge, mayai yao kama mapipa madogo yenye vizibo pande mbili, yanang'aa. Kiburi kitupu.

#13 Muuguzi_Masisi

Nimekubali ya mjeledi. Na wewe acha kuandika "+" ili kumfurahisha mgonjwa. Karatasi zako zinafika kwangu, mama anazikunjua kwenye kanga, "huko Goma waliona amibe". Nikikataa, mimi ndiye mjinga wa kijijini.

#14 Hadubini_Birere

...

Sawa, dada.

#15 Mvuvi_wa_Kigoma

Mmesahau kichocho! Sisi wa ziwani ndio ugonjwa wetu. Nilisikia Kivu haina, kwamba gesi ya ziwa inaua kila kitu.

#16 Hadubini_Birere

Hadithi hiyo ya gesi kila mtoto wa Goma anaijua. Gesi iko chini kabisa kwenye kina, konokono wa kichocho anaishi ukingoni kwenye majani, hawakutani. Kisiwa cha Nkombo, upande wa Rwanda, kinachotazamana na Bukavu, wataalamu wa kwao wamekikuta ndicho kitovu kikubwa cha kichocho cha tumbo nchini mwao. Maji hayana paspoti. Siku ikija dawa yake, prazikwanteli, mtoto ale kwanza. Akiinywa na njaa atapata kizunguzungu na kutapika, halafu Sitaki_Vidonge atafungua uzi wake.

#17 Sitaki_Vidonge

Ninasoma yote jamani, msinicheke. Swali: ule mnyoo binti yangu aliutoa kwa kula nini? Nyumbani tunakula nguruwe kila Jumapili.

#18 Hadubini_Birere

Hapana papa, wa nguruwe ni tegu, bapa kama utepe wa vipandevipande. Wa binti yako kwa ulivyousimulia ni askaris, ametoka udongoni. Ila umegusa jambo kubwa. Nyama ya nguruwe yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele, ukiila haijaiva, unapata tegu tumboni. Huyo ni mzigo tu. Hatari yenyewe ni mayai ya tegu, yanayotoka kwenye choo cha mtu aliye naye. Ukiyameza kwa maji au mkono mchafu, vifuko vinaota kwenye misuli, vinaota na kwenye ubongo, na mtu anaanza kuanguka kifafa. Hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuupata, kama jirani yake hana choo na nguruwe wanazurura. Watu wangapi wa kifafa tumewaita wenye mapepo, Mungu anajua.

#19 FundiChoo_Katoyi

Tumerudi kwenye choo.

#20 Mtu_wa_Kikwit

Na pesa. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada, miradi mingi ya magonjwa haya ikasimama au ikachechemea. Hadubini ameandika yaliyotokea miaka ya 1990 timu za malale zilipokosa mafuta ya gari. Baba mdogo ameniuliza kwa simu kama lile gari litaendelea kupita. Sikuwa na jibu la kumpa.

#21 MamaWaWatatu

Jamani mimi nimekuja leo asubuhi. Nimemleta kijana na choo chake, kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, siyo kibiriti. Nimekaa kwenye benchi, wananiambia mwenye choo yuko ndani.

#22 Hadubini_Birere

Ni mimi mama, nimevaa bluzi ya kijani. Mtoto amekwenda choo saa ngapi?

#23 MamaWaWatatu

Saa kumi na mbili.

#24 Hadubini_Birere

Sasa ni saa nne na nusu. Amibe siwezi kukuambia kitu, hata kama yupo ameshalala. Lakini minyoo nimeangalia. Mayai ya askaris ni mengi, kila nikisogeza kioo naona mengine, na mjeledi wachache. Nimeandika hivyohivyo kwenye karatasi, na kwenye mstari wa amiba nimeandika "haikupimwa, choo kimechelewa". Mpeleke mlango wa pili kwa muuguzi, amsikilize na kifua, usiruke hiyo. Na wale wakubwa wawili nyumbani wapimwe pia, wanalala kitanda kimoja.

#25 FundiChoo_Katoyi

Mama, unakaa wapi?

#26 MamaWaWatatu

Ndosho.

#27 FundiChoo_Katoyi

Ndosho nako ni jiwe. Nitapita Jumamosi nione hicho choo, kuona ni bure. Nyundo ndiyo tutaongea bei.